Lebo Nyekundu kwa Kitabu Kilichotibiwa

Niliondoka Kibondo asubuhi, kabla chai haijachemka kwa mama lishe wa stendi, nikiwa sijui ninakwenda wapi. Nilikuwa na begi la mgongoni, jaketi, na kitabu cha katuni kilichofungiwa ndani ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Hasira ndiyo iliyonivalisha viatu. Kuna watu wakikasirika hununa, wengine huvunja vyombo, mimi huondoka. Nimeondoka sehemu nyingi kwa namna hiyo, na nyingine sikumbuki tena nilikuwa nimekasirishwa na nini. Hii naikumbuka.

Kwenye kituo cha mafuta palikuwa na lori la muhogo mkavu linaloelekea njia ya Kasulu. Utingo alikuwa kashikwa na malaria, kwa hiyo dereva akanikaribisha mbele nimpigishe soga asisinzie. Sikumwuliza anaishia wapi. Hatujafika mbali, macho yake yakatua magotini kwangu.

"Hicho ni nini, kaka? Tableti?"

"Kitabu."

"Kitabu gani hicho kina kioo?"

"Cha katuni. Cha zamani. Kimepelekwa Dar kikapimwa, kikafungiwa."

"Kinafungukia wapi?"

"Hakifunguliwi. Ukikifungua, lebo inakufa."

Akacheka mpaka akaukosa mkono wa gia. "Sasa mnakisomaje?"

"Hakisomwi."

"Basi mmekizika, kaka. Tena kwenye jeneza la kuchungulia."

Nilitaka kukasirika naye pia, maana nilikuwa na hasira ya kutosha kugawa, lakini sikuweza. Alikuwa amesema maneno niliyokuwa nikiyatafuta usiku kucha.

Sisi tunaokusanya vitabu vya zamani vya katuni huku juu si wengi. Tukikutana wote tunaenea kwenye benchi moja la fundi cherehani. Kuna mwalimu mstaafu wa Kasulu, kuna muuza dawa za mifugo, nipo mimi nisiye na anwani, na yupo mzee mmoja mwenye duka la vitenge na masufuria Kibondo mjini. Asili ya watu wake ni Tanga. Mji mzima unamwita Ami, kwa sababu watoto wa kaka zake waliojaa dukani wanamwita hivyo, yaani baba mdogo. Nyuma ya marobota ya vitenge ana kabati la vioo, na ndani yake, tangu nilipomfahamu, alipanga vitabu vya katuni kwa uangalifu ambao watu wengine huuweka kwenye vyombo vya harusi.

Kwa mtu asiye na ukuta, kabati lile lilikuwa nyumba yangu. Nikienda Uvinza kubeba chumvi, nikienda kuvuna tumbaku, nikienda popote nilipokwenda, kitabu changu kilikaa kwa Ami. Ni kimoja tu. Hadithi yenyewe ni ya dereva wa lori anayepanda mlima huku chui amejificha juu ya mzigo. Dereva hajui, utingo anajua lakini sauti imemkauka. Niliacha shule darasa la tano nikiwa nasoma kwa kugota, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mjomba alikisahau kitabu hicho nyumbani kwetu. Kwa sababu ya utingo yule aliyekauka sauti, nikajifunza kusoma sawasawa: nilitaka kujua kama atasema. Nilikisoma mpaka pini zikaota kutu, jalada likaachana na mgongo, kurasa za kati zikachanika kwenye mikunjo, na mbuzi akala kona.

Aliyekiokoa ni mama mmoja Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Nilikutana naye enzi zile soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji lilipokuwa bado linafunguliwa, upande wa Makere. Alikuwa anauza vitumbua, na pembeni ya vitumbua alikuwa anashona vitabu vya nyimbo vya kanisa lao vilivyochakaa. Nilisimama kutazama. Nikiona mtu anafanya kazi nisiyoijua siwezi kupita. Nimechelewa magari mengi kwa ajili hiyo.

"Papa, unanunua ao unachunga mikono yangu?" aliniuliza.

Nikamtolea kitabu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akaguna.

"Eh, papa. Hii kitabu ni mugonjwa. Nani aliiuma?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wa wapi anajuaka kusoma?"

Akanieleza kila kitu nilichouliza, na niliuliza sana. Gundi ya dukani hakuitaka. "Kole ya duka inakulaka karatasi pole pole. Leo inashika, kesho inavunja." Yeye alipika gundi ya wanga wa muhogo, nyepesi, akaichuja kwa kitambaa. Karatasi ya viraka ilikuwa ile laini wanayofungia viatu vipya kwenye boksi. Pini zenye kutu alizing'oa, akatia uzi. Na kwa kuwa wanga huita mende, ndani ya gundi aliweka maji ya tumbaku iliyochemshwa. Siku ile aliweka mengi kupita kiasi, akiwa anabishana na jirani yake kuhusu mume wa mtu. Viraka vilipokauka vikatoka na rangi ya chai, na kitabu kizima kikanuka kama koti la babu.

"Nimezidisha," akasema, akacheka bila haya hata kidogo. "Lakini mende hatakuya hapa mpaka Yesu arudi."

Nilimwuliza kwa nini havifichi viraka, visionekane. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Kidonda iliponaka inaacha alama. Minataka mutu aione, ajue ilipona."

Nililielewa hilo haraka, kwa sababu nyumbani kwetu bibi alikuwa na igisabo, kibuyu cha kusukia maziwa, kilichopasuka kabla mimi sijazaliwa. Kilishonwa kwa kamba nyembamba, matundu yakazibwa kwa nta. Mshono ule ulipita ubavuni kama kovu la mkuki. Wageni wa heshima walipokuja hakikufichwa. Kilitolewa hichohicho, na bibi alikigeuza mshono uelekee kwa mgeni. Hakuna aliyewahi kusema kibuyu kile ni cha uongo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitaki kusingizia. Lebo zilikuja kwa sababu ya haki kabisa. Palikuwa na mtu akizunguka Kasulu na Kibondo akiuza vitabu vya zamani ambavyo majalada yake yalikuwa yamepauka, yeye akayapaka kalamu za rangi taratibu mpaka yakawaka. Kurasa zilizokosekana alitoa kivuli kwa mashine, akazichovya kwenye chai zionekane kuukuu, akazipachika katikati. Ami aliuziwa kimoja. Alikionyesha watu mwezi mzima, mpaka siku moja kidole chake chenye jasho kikaondoka na nyekundu ya shati la shujaa. Nilikuwepo. Mzee wa watu alikitazama kidole kile kama amekatwa.

Kwa hiyo alipotokea mtu Dar anayepima vitabu, akavifungia kwenye plastiki na kuvibandika lebo, sisi sote kwenye kundi letu la simu tulishangilia, mimi wa kwanza. Lebo ya kijani imeandikwa HALISI, na alama ya ubora wake. Lebo nyekundu imeandikwa IMEGUSWA. Nilikuwa Uvinza Ami aliponipigia kuuliza kama changu kiende na vyake. Nikasema kiende. Sikufikiri mara mbili. Mtu mwenye afya haogopi kupimwa.

Nikarudi Kibondo nikiwa na chumvi bado kwenye kucha, nikaingia dukani, nikaliona kabati. Kijani, kijani, kijani, na katikati yake nyekundu moja.

"Ami, hiki ni nini?"

"Karibu kwanza. Salamu hazina ushuru."

"Shikamoo. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Hicho ndicho ulichoniletea, mwanangu. Nilikwambia zamani, kitabu kile kimepita mikono mingi."

Nikasoma lebo. IMEGUSWA. Chini yake, kwa herufi ndogo: rangi imeongezwa.

"Rangi gani? Hii ni tumbaku, Ami! Wewe mwenyewe ulikinusa ukapiga chafya."

"Mimi najua. Lakini lebo haina pua."

Nikamwonyesha jirani yake kwenye rafu, kitabu nilichokijua vizuri, kilicholiwa na mende hadi shujaa hana miguu kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho. Lebo yake kijani. Alama ndogo, lakini HALISI.

"Na hiki?"

"Hicho hakijaguswa."

"Kimeguswa na mende, ukoo mzima!"

"Mende si binadamu. Hana nia ya kumdanganya mtu."

"Na yule mama alikuwa na nia gani?"

Mteja alikuwa anataka kitenge, naye akakipima kwa mkono wake taratibu, akarudia kukipima, ili asinitazame.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na haijahama. Yule tapeli aliyepaka rangi ili nikione kitabu kizima wakati si kizima, na yule mama aliyekishona ili kisife na akaacha mshono wazi, wamepewa neno moja. Ni sawa na kumweka muuguzi na mchawi kwenye foleni moja kwa sababu wote wamemgusa mgonjwa. Na ubaya hauishii kwenye neno. Neno likishabandikwa, watu huanza kuishi kwa kulifuata. Wakusanyaji wataacha vitabu vyao vioze, kwa sababu kuoza ni kijani na kutibu ni nyekundu. Muuza dawa za mifugo alishaniambia ana kitabu kinachokatika mgongo, na hakigusi. "Kife na heshima yake," alisema. Huyu ni mtu anayewachoma sindano ng'ombe wa watu!

Ami alipomaliza na mteja akanijia karibu, akashusha sauti kama anayeleta suluhu.

"Ipo njia. Mpimaji kanipigia. Anasema viraka vile vinabanduka kwa mvuke wa birika tu. Avibandue, akate na ule uzi, kitabu kirudi kilivyokuwa. Atakipa kijani."

"Kikirudi kilivyokuwa kitachanika."

"Kitachanika, sawa. Lakini kitachanika kihalali."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Nakirudisha Dar na basi la Jumatatu," akaendelea.

"Hukirudishi."

"Kabati ni langu. Watu wakiingia humu wakaiona nyekundu, wananitazama kama nilivyomtazama yule mwizi. Na vyangu vyote wanavitilia shaka. Mimi nimeshatiwa aibu mara moja, mwanangu. Sitaki ya pili."

"Kwa hiyo changu kiuawe ili vyako vionekane vizuri?"

"Wewe!" Sauti yake ikapanda, watoto wa kaka zake wakageuka wote. "Wewe huna hata msumari wa kutundikia shati, halafu unanifundisha mimi kutunza kitu?"

Lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikafungua kabati, nikatoa kilicho changu. Hakunizuia. Nilipofika mlangoni akasema, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, "Usikifungue lakini. Tafadhali usikifungue." Nikadhani analilia lebo. Nikalala kwa muuza dawa, nikageukageuka kitandani mpaka kukapambazuka, nikaondoka.

Haya yote nilimsimulia dereva, lori likipanda na kushuka milima, muhogo ukinuka nyuma yetu. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Tulipopita njia panda ya Nduta akauliza swali moja.

"Huyo mpimaji wako, alijuaje kuwa viraka vinabanduka kwa mvuke?"

"Anajua vitabu."

"Mimi najua magari. Boliti yenye kutu siwezi kukwambia itafunguka mpaka niijaribu kwa spana."

Nikakitazama kitabu. Plastiki ilikuwa safi, jalada linaonekana vizuri kabisa: lori, mlima, mkia wa chui ukining'inia juu ya turubai. Viraka vya jalada vilikuwepo. Lakini hayo ndiyo pekee ambayo plastiki inakuruhusu kuyaona, jalada la mbele na la nyuma. Ndani aliyepaona ni mpimaji peke yake. Nikakumbuka sauti ya Ami mlangoni.

"Alijaribu," nikasema.

"Sijasema mimi," dereva akajibu.

Lori liliacha lami kabla ya Makere, likaingia kijiji nilichokuwa nimekipita mara nyingi bila kushuka hata siku moja. Dereva alikuwa anapakua nusu ya mzigo kwenye mashine ya kusaga. "Mimi ndio naishia hapa leo," akasema. "Na wewe pia, kwa ninavyokuona." Nilifikiria kuteremka kwa miguu mpaka Nyarugusu kumtafuta yule mama, nikaacha. Soko lilishafungwa zamani, mtu wa kuzurura haingii kambini bila kibali, na sikujua kama bado yuko huko au amesharudi kwao.

Karibu na mashine palikuwa na mgahawa wenye meza mbili, na nyuma yake chumba cha kupangisha. Mwenyewe alikuwa mama mnene kiasi, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, akimenya ndizi bila kuziangalia. Alinisalimu kwa Kiha, nikaitikia kwa Kiha, akaniuliza mtoto wa wapi nikamwambia, akaridhika. Chumba kilikuwa na kitanda, neti, na dirisha linalotazama migomba. Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na msumari mmoja. Nikatundika jaketi. Kisha nikarudi jikoni nikamwomba kisu.

"Cha nini?"

"Nafungua hiki."

Akasogea kutazama. Plastiki ilikataa, kisu kikateleza mara mbili, nikajikata kidole. Mara ya tatu ikapasuka kwa mlio kama wa mfupa, na harufu ya tumbaku ikatoka humo ndani, nzito, ya siku ile ya vitumbua. Nikakaa kwenye kigoda. Nikafunua ukurasa kwa ukurasa. Uzi ulikuwepo. Kiraka cha kona ya mbuzi kilikuwepo. Cha pili, cha tatu. Nikafika katikati, kwenye picha kubwa ambapo hatimaye chui anashuka uso kwa uso na dereva, na utingo anapiga kelele. Kiraka cha pale kilikuwa kimebanduliwa. Kilipobanduka hakikutoka peke yake. Kiliondoka na uso wa chui. Palibaki karatasi yenye manyoya, kama ngozi ya goti la mtoto aliyeanguka.

Kwa hiyo alikiharibu, akakifungia, akabandika juu yake maandishi kwamba walioharibu ni sisi. Na Ami alijua. Pengine hakujua vyote, lakini alijua kiasi cha kuniomba nisifungue. Nilizungumza peke yangu maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mwenye mgahawa akaacha kumenya akaningojea niishiwe.

"Huyu mnyama uso wake uko wapi?" akauliza alipoona nimenyamaza.

"Uko Dar."

Akaguna, kama mtu ambaye ana vitu vyake pia vilivyokwenda Dar visirudi.

"Una wanga wa muhogo?" nikamwuliza.

"Muhogo huku! Uliza kama nina maji."

"Na tumbaku?"

"Humu ndani hawavuti."

"Si ya kuvuta. Ya kuchemsha."

"Kuchemsha tumbaku? Wewe ni mganga?"

"Ni ya kuzuia mende."

"Mende wa chumba changu wamekukosea nini, hata hujalala?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kibondo, lakini hasira haikuondoka. Ilijisogeza tu ikapisha. Nikamweleza. Alikwenda kwa jirani akarudi na jani moja kavu la tumbaku, kisha akaingia chumbani kwake akatoka na boksi la viatu vya kanisani. Viatu akaviweka kando. Karatasi laini iliyokuwa ndani akanipa, bado ina mikunjo ya kiwandani.

Nilichemsha tumbaku kidogo, si kama yule mama wa Nyarugusu. Wanga nikauchuja kwenye leso yangu. Nilikuwa nimemtazama mtu akiifanya kazi hii mara moja tu, miaka mingi nyuma, lakini niliuliza maswali mengi siku ile na mikono ilikuwa imeyasikia majibu. Nikakata kiraka, nikakilaza juu ya manyoya yale, nikakilainisha kwa upande wa kijiko. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu, akinipumulia shingoni.

"Sasa mchore uso," akasema. "Kalamu ninayo."

"Simchori."

"Chui asiye na uso ataonekanaje?"

"Ataonekana amebanduliwa uso."

Akalifikiria hilo, akarudi kwenye ndizi zake. Nikaweka jiwe safi juu ya kitabu, juu ya leso, na nikakaa kukilinda dhidi ya kuku. Lebo nyekundu ilikuwa imeangukia majivuni pamoja na vipande vya plastiki. Sikuichoma wala sikuiokota. Nje lori lilikuwa linageuza, dereva akapiga honi akanyoosha kidole gumba, sijui kwa swali au kwa salamu, nami nikamwonyesha jiwe.

"Unalala siku ngapi?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Mpaka gundi ikauke."

"Ikauke lini?"

"Sijui bado," nikasema, nikaligusa jiwe kuona kama limetulia.